Maswali na majibu: Kilomita 21 bila kukausha mfuko

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: nusu marathoni ipi mtu wa Tanga anaweza kuimudu bila kwenda kukopa. Nimechagua chache, zilizobaki ziwe na subira.

Shikamoo Mwalimu. Wenzangu wa jogingi wanajiandikisha Kilimanjaro Marathon. Mimi nina laki moja tu, ya kila kitu. Niende nao au nitafute mbio ya karibu? (Kijana wa Chumbageni)

Marahaba, mwanangu. Laki moja si haba, ila usianze na ada ya kujiandikisha. Ada ndiyo inayoandikwa kwenye bango, ndiyo maana kila mtu anailinganisha, lakini mara nyingi siyo inayomaliza hela. Chukua karatasi uandike nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula cha siku zote utakazokuwa ugenini, bodaboda ya alfajiri ya kukufikisha uwanjani, na kibarua utakachokikosa. Moshi, inakokimbiwa mbio hiyo, ni kama kilomita 350 kutoka hapa, unapita Segera, Korogwe na Same. Mbio kubwa nyingi hugawa namba za kifuani siku za kabla ya mbio, si asubuhi yenyewe, kwa hiyo hesabu usiku mmoja kwa uchache, na huenda ikawa miwili. Na mji ukishajaa wakimbiaji, gesti ya bei ya kawaida huipati tena.

Kilimanjaro yenyewe sina neno nayo. Ipo tangu 2003, na njia yake ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha kwa mteremko. Sisi tuliozoea tambarare ya Raskazone mlima ule hututoa jasho la aina nyingine. Ukiitaka, ifanye ya mwakani: weka akiba kidogo kidogo, na klabu nzima ikodi Coaster mgawane gharama.

Kwa mwaka huu nakushauri ufuate lile tunalotaniwa nalo watu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Tafuta mbio ambayo usiku wa kabla na usiku wa baada utalala kitandani kwako. Hapo napo pana mtego. Tuseme mbio iko Muheza, kilomita 40 hivi, na inaanza saa 12 asubuhi. Daladala ya kwanza inakufikisha saa ngapi? Ukilazimika kukodi pikipiki saa 10 usiku, ule ukaribu umeshakuwa ghali, tena unafika mgongo umekaza na vumbi kichwani. Muulize konda kabla hujalipa ada. Pangani nako ni vivyo hivyo. Kuwa na shangazi Muheza wa kukulaza usiku mmoja kuna faida kuliko punguzo lolote la ada.

Mwalimu, kwenye kundi letu la WhatsApp kumepita tangazo: "KM 21, medali, fulana, supu." Malipo yatumwe kwa namba ya simu ya mtu. Niamini? (Dada wa Makorora)

Inawezekana ni ya kweli, dada. Klabu ndogo nyingi hukusanya hela kwa namba ya mweka hazina. Lakini piga simu kwanza, usiishie kwenye ujumbe, na muulize mwandaaji maswali yanayomtaka awe ameshafanya kazi.

La kwanza, njia inapita wapi? Aliyejiandaa atakutajia kona kwa kona, na atakwambia wapi polisi wa usalama barabarani watasimamisha magari. Akikujibu "tutawatangazia", nawe mwambie utalipa akishatangaza.

La pili, nani ameipima? Swali hili watu hulidharau. Njia inayotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, akikata kona sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Akimaliza huongeza moja kwa elfu, yaani kama mita 21 kwa nusu marathoni, ili njia isije ikaonekana fupi baadaye. Mji wenye baiskeli nyingi kama huu wetu, nashangaa hatujajaza wapimaji! Mbio ndogo ya hisani haina lazima ya kufika huko. Ila kama wamepima kwa mita ya pikipiki, fahamu kwamba hiyo 21 inaweza kuwa 20, inaweza kuwa 22. Kimbia, furahi, muda wako usiutangaze.

La tatu, maji yako kila baada ya kilomita ngapi, na gari la wagonjwa lipo? Desturi ni kituo cha maji karibu kila kilomita 5. Kwa fukuto la pwani mimi ningependa kila 3. Mwandaaji anayekutajia rangi ya medali lakini hajui idadi ya katoni za maji, hela yako baki nayo.

Uliza pia kama chama cha riadha cha mkoa kina habari. Wakati wa kulipa, jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na ulilotajiwa.

Saa yangu ilisoma kilomita 21.4 nilipomaliza. Wametuibia?

Hawajakuibia, umejiongezea mwenyewe. Umepita upande wa nje wa kona, umewazunguka watu, umekata kwenda kwenye meza ya maji. Saa nayo hukosea kidogo karibu na majengo na miti. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975.

Rafiki zangu wa baraza wananicheka eti nusu si mbio, mwanaume hukimbia 42.

Waambie Fabiano Joseph, Mtanzania mwenzao, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada, kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Halafu wainuke barazani wakimbie hata 5.

Assalaam aleikum. Mimi hufunga Ramadhani yote, na mbio nyingi naziona zinaangukia mwezi huo au karibu yake. Nifanyeje nisipoteze mwaka? (Wa Ngamiani)

Waaleikum salaam. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imekaa Februari na Machi, wakati ambao Kilimanjaro Marathon nayo hufanyika. Kwa hiyo wewe acha kabisa kuangalia Februari. Ndani ya mwezi punguza: nusu saa ya kukimbia polepole kabla ya futari, ili ukimaliza maji yawe karibu, au baada ya tarawehe kama miguu haijalegezwa na vyakula vya futari. Mbio ndefu ziache.

Baada ya Idi ndipo uanze kujenga. Mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 8 bila taabu anahitaji wiki kama 10 hadi 12 za kupandisha pole pole, mbio yake ndefu ya wiki ikiongezeka kilomita moja au mbili mpaka ifike 17 au 18. Piga hesabu hiyo kuanzia Idi, utaangukia Juni au Julai. Masika imeshapita, kipupwe kimeingia, na huo ndio wakati mzuri kwa pwani yetu. Mbio ya Januari hapa, na jua la kaskazi, saa 2 asubuhi lami imeshaanza kuchoma. Hata ada ikiwa bure mimi siiti rahisi, maana utailipia mwilini. Hivyo hujapoteza mwaka. Ratiba yako ya ibada inakupeleka penyewe.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa, ukijua kuzichagua. Usidanganyike na weupe wa juu, muuza mtumba anajua kusugua. Bonyeza kwa kidole gumba ile soli ya katikati, laini kama sponji. Ikirudi haraka, sawa. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo mingi ubavuni, imekufa. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kitakulaza na wewe. Kisha zikimbie wiki tatu nne kabla ya mbio.

Mwalimu, nina miaka 52, nakimbia kidogo natembea kidogo, nimevaa baibui nyepesi na suruali ndani. Naogopa kuwa wa mwisho, barabara ifunguliwe magari yanikute. (Mama wa Mabawa)

Dada yangu, woga wa magari ni wa haki. Woga wa kuwa wa mwisho uache nyumbani. Uliza muda wa mwisho wa kufika. Wakikwambia saa 3 tangu mbio ianze, unatakiwa kila kilomita uimalize kwa dakika 8 na nusu, na kwa kutembea katikati ni kazi. Wakikwambia saa 3 na nusu, ni dakika 10 kasoro kidogo. Jipime kwa kilomita 10 za mazoezi. Ukiona huwezi, mbio hizo hizo mara nyingi zina kilomita 10 au 5, na ada yake huwa ndogo. Baibui ubadili, nasema kwa heshima: ikilowa jasho inanasa miguuni. Dira fupi au fulana ndefu ya mikono mirefu, suruali, na mtandio wa kitambaa cha kunyonya jasho vinasitiri vizuri tu.

Na kama hakuna mbio yoyote ya karibu mwaka huu?

Ikimbieni wenyewe. Watu sita wa klabu wanatosha. Chagueni mzunguko wa kilomita 5 upande wa Raskazone, mzunguke mara nne, kisha muongeze kilomita moja na mita 100 hivi. Iwe Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, magari hayajaanza. Faida ya mzunguko ni kwamba maji yanakaa sehemu moja, na aliyechoka anatoka bila kuhitaji gari la kumfuata. Mtu mmoja asikimbie, ashike saa na daftari. Madafu mwagizeni muuzaji usiku wa kabla na mumlipe hapo hapo, maana mkimaliza hakuna atakayekuwa na akili ya kuhesabu chenji.