Robo yako, tatu zao

SWALI: Anti shikamoo, dada angu yupo London kaambiwa anunue robo ya fleti, robo tatu aendelee kulipia kodi. Sio utapeli huo? Anataka nimchangie.
Mdogo mtu, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sio utapeli, Uingereza mpango huo upo miaka mingi, mtu ananunua fungu kwa mkopo wa benki, mikataba mipya inaanzia hata asilimia 10, fungu lililobaki analipa kodi, akijikusanya anaongeza. Ila shika hapa: anaongeza kwa bei ya siku hiyo sio ya mwanzo. Fleti ya pauni 200,000 robo ni 50,000, ikipanda ikafika 240,000 robo ya pili ni 60,000, na mthamini wa kukadiria hiyo bei analipwa na dada ako mwenyewe. Afu lifti, taa za ngazi, usafi, kwa kawaida analipa kama mwenye fleti nzima (hapo ndo wengi wanalia). Aulize hizo gharama ni shingapi kwa mwezi kabla hujatuma hata mia.

Huku Dar kinachokaribiana ni mpangaji mnunuzi, unalipa kila mwezi hela inahesabika kwenye bei, hati unapewa ukimaliza. Wewe mwenyewe bado umepanga lakini, au?