Gari la Ofisi Halina Mwenyewe Mpaka Likufie Mkononi

Mdogo wangu unayeanza udereva wa ofisi hapa Mwanza, kuna jambo chuo cha udereva hakikukufundisha. Gari la ofisi huendeshwa na watu watatu, wanne, na kila mmoja anaamini mwenzake ameshapima maji. Siku likifa, anatafutwa aliyekuwa nalo. Mimi nimeshatafutwa.

Ilikuwa enzi za kivuko. Nilikuwa na pikapu ya dizeli naelekea Sengerema, mbio mbio niwahi kuvuka ziwa pale Kigongo. Kufika Usagara naona mshale wa joto umepita katikati. Nikajipa moyo kwamba nitaongeza maji nikiwa kwenye foleni. Kigongo nilifika, lakini boneti inafuka mvuke. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Fundi alipochunguza akakuta mpira wa rejeta una ufa, unavuja kidogo kidogo tangu siku nyingi. Dereva mwenzangu alikuwa anajua! Kila asubuhi aliongeza maji, akaondoka zake, hakuandika popote. Mpira wenyewe bei yake haizidi sahani chache za ugali na sato.

Kwa hiyo mshale ukipanda, simama hapo hapo, zima injini, subiri ipoe. Mfuniko wa rejeta usiuguse ukiwa wa moto, maji yale yatakurukia usoni. Na rejeta ipewe kulenti (maji maalumu ya kupoza injini), si maji ya ziwani kwenye dumu.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, chungulia uvunguni. Kama kuna tone, lijue ni la nini: maji, oili au mafuta ya breki. Pima oili gari likiwa mahali tambarare (ukipima kwenye miteremko yetu ya Bugando, kijiti kitakudanganya). Kwa dizeli, mwaga maji yanayotuama chini ya filta ya mafuta. Kanyaga breki; pedali ikizama kama unakanyaga sponji, hiyo safari haipo, hata bosi akiwa ameshafunga mkanda.

Tairi watu wanaliangalia upepo tu. Soma ubavuni kuna tarakimu nne: 3219 maana yake limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) zinaweza kuwa nzuri na mpira umeshazeeka. Ukibadilisha tairi, baada ya kilomita 50 hivi kaza nati tena. Spea nayo ijazwe upepo, wengi wanaikumbuka siku ya pancha.

Zamani foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa ukaguzi wetu. Unasubiri, unafungua boneti, unagonga tairi, dereva mwenzako anakuambia taa yako moja haiwaki. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za ziwa kwa dakika chache, na sioni tena mtu akishuka kukagua. Ukiwa unaenda Geita, jilazimishe kusimama.

Kama ofisi inabeba mzigo wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, osha bodi siku hiyo hiyo, na chini pia. Maji ya kayabo (samaki wa chumvi) yana chumvi, yanakula bati na waya wa hendibreki kimya kimya.

Yote hayo yaandike kwenye daftari la gari: kilomita, oili ilibadilishwa lini, kilichovuja, uliyemwambia. Bosi akisema "peleka hivyo hivyo, tutatengeneza wiki ijayo," usibishane naye. Andika ubovu na tarehe, mwombe asaini. Nimeona mabosi wengi wakishika kalamu kisha wakasema, kwa sauti ya chini, basi lipeleke gereji kwanza.

Pikapu ninayoendesha sasa, ukurasa wa jana unasema: taa ya breki kushoto imekufa, glopu imebadilishwa, risiti ipo ndani. Mwandiko si wangu.