Mwenzio ana saratani ya koo na dokta anasubiri jibu: maswali yenu ya wiki hii

Meseji za wiki hii karibu zote zinafanana, nadhani ni kwa sababu siku ile nilitaja kwamba baba watoto wangu alitolewa koromeo, lile linalotoa sauti kooni, basi watu mkafunguka. Mimi siyo dokta, nisije nikasingiziwa, mimi ni mama wa Ujiji niliyekaa kwenye mabenchi ya hospitali miezi saba na kikapu changu, kwahiyo nachosema ni nilichoona na nilichowauliza madokta mpaka wakanichoka. Nimechukua matano.

Shikamoo mama. Mume wangu ni mwalimu hapa Tabora, wamemkata kipande kidogo cha nyama kooni kwenda kupima, majibu yametoka ni saratani ya koromeo hatua ya tatu. Hospitali ya Bugando wametupa njia mbili, atolewe koromeo lote au achomwe mionzi pamoja na kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Yeye anasema tu "amua wewe". Niamueje?

Marahaba mwanangu. Usimwamulie. Mwanaume akisema "amua wewe" kwenye jambo kama hili mara nyingi anamaanisha naogopa na sitaki uone, na ukiamua wewe afu sauti ikaenda au ugonjwa ukarudi utaibeba hiyo lawama hadi uzeeni hata kama yeye hajawahi kuitamka. Kazi yako ni kuhakikisha anajua anachochagua.

Zamani hatua kama hiyo ilikuwa kisu tu. Mwaka 1991 madokta wa Marekani walitoa utafiti wa wagonjwa 332 wa koromeo, kundi moja walipasuliwa kisha mionzi, kundi la pili wakaanza na kemo kisha mionzi, na baada ya miaka miwili waliokuwa hai walikuwa sawa pande zote, asilimia 68, ila wale wa kemo karibu wawili kati ya watatu walibaki na koromeo lao. Ndo maana na nyie mnapewa njia mbili, siyo kwamba dokta hajui kazi. Lakini inategemea uvimbe umefika wapi. Wa kwangu ulikuwa umeshakula ile mifupa laini ya koromeo, akinywa maji yanapita njia ya hewa anakohoa mpaka machozi, tukaambiwa hata tukiliacha litabaki pambo tu. Akachagua kisu.

Nendeni wote wawili na daftari. Ulizeni uvimbe umegusa hiyo mifupa laini? Kumeza kwake sasa hivi kukoje? Mionzi ikishindwa, kisu bado kinawezekana? (Kinawezekana, ila nyama iliyochomwa mionzi inapona kwa shida, kidonda kinaweza kuvuja wiki na wiki.) Akipasuliwa ataongea kwa njia gani, manake kuna kifaa cha kubana shingoni kinatoa sauti kama redio iliyoishiwa betri, na kuna kale kamrija kadogo kanakowekwa kati ya njia ya hewa na ya chakula, sasa muulize pale kipi kinapatikana na bei yake kabla hajaingia chumba cha upasuaji, siyo baada. Na meno jamani! Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, baada ya hapo taya haliponi vizuri, na hili watu wengi wanaambiwa wakati wameshachelewa.

Afu usiku mkiwa wawili muulize kitu gani hawezi kuishi bila hicho. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba mume wangu atasema sauti, mtu mwenyewe alikuwa mpiga stori hatari, kumbe akaninong'oneza "kula mezani na watu". Leo anaandika, na akinihitaji anagonga kijiko kwenye kikombe, kimoja njoo, viwili njoo haraka, vitatu ananichokoza tu.

Mama, niko Kasulu. Shemeji zangu wamekaa kikao wamesema mume wangu asiambiwe kuwa ni saratani, atakata tamaa. Wanataka pia apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa mitishamba.

Hao shemeji wanampenda, hilo sibishi. Lakini pale Dar jina lenyewe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, sasa getini mtamziba macho? Na fomu ya kukubali matibabu anasaini nani, wao? Mtu mzima anayekohoa damu anajua kwamba siyo mafua, mnachomnyima ni mtu wa kuongea naye tu. Mwambie wewe, polepole, kwa maneno machache, afu nyamaza umsikilize. Kama unaona mzito, mwombe dokta aongee naye wewe ukiwa umekaa pembeni.

Mitishamba, ah. Sitagombana na mtu, ila uvimbe wa koo hausubiri kikao na ukikua unaziba hewa. Dawa yoyote ya kunywa mtajieni dokta, zingine zinagombana na kemo.

Shikamoo. Mke wangu yuko wiki ya nne ya mionzi Dar, tumefikia kwa ndugu Mbagala. Hamezi hata mate, shingo imekuwa nyeusi inabanduka, kakonda, anasema nimrudishe Kigoma akafie kwao. Nimrudishe?

Marahaba kaka yangu, pole sana, na huyo dada mpe pole yangu. Wiki ya nne ndo mbaya, kila mtu niliyekaa naye benchi moja alitaka kupanda treni wiki ya nne. Mionzi ya koo kwa kawaida ni wiki sita hadi saba, Jumatatu mpaka Ijumaa, na ukikatisha katikati seli za saratani zinapata nafasi ya kujijenga upya, kwahiyo anakuwa kapata maumivu yote afu faida kaiacha njiani. Mwambie ukweli mwingine pia, kwamba hali itaendelea kuwa mbaya hata wiki mbili baada ya kumaliza ndo ianze kupoa. Mimi hilo sikuambiwa, nilidhani siku ya mwisho ndo tunapona, nikalia barabarani.

Kesho asubuhi, kabla hajaingia kwenye mashine, ongea na dokta mambo mawili. Maumivu: omba dawa yenye nguvu, hata morfini ya kunywa, hatakuwa teja, watu wanaikataa bure. Na mrija wa chakula. Najua anauogopa, wengi wanauona kama ndo mwisho, lakini unapita puani au tumboni, unatolewa akianza kula. Humo unapitisha uji mwepesi wa karanga, maziwa, supu iliyosagwa ikachujwa, na kule kwetu ningekwambia mafuta kidogo ya mawese yanaongeza nguvu, ila muulize kwanza mtu wa lishe vipimo vyake. Mdomo asukutue kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, mara nyingi kwa siku. Shingoni asipake chochote kabla ya mionzi bila ruhusa, hata asali, na afunge kanga laini iliyochakaa, siyo skafu ya nailoni.

Hela zikikaba nenda dirisha la ustawi wa jamii hapohapo hospitali ukaeleze hali yenu, usione aibu. Na kama baada ya yote hayo bado anasema hapana, basi akamwambie dokta mwenyewe kwa mdomo wake, wasikie wote. Mwili ni wake.

Je, inaambukiza? Mama mkwe kamtengea mume wangu sahani na kikombe.

Haiambukizi. Kuna kirusi cha HPV kinachohusika na baadhi ya saratani za koo, lakini saratani yenyewe haitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Kaa naye mle sahani moja mbele ya mama mkwe.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Ametolewa koromeo, anapumulia tundu la shingoni, sasa amepata nguvu anataka kurudi ziwani usiku. Nataka nimnunulie filimbi awe anaita wenzake akipata shida.

Hapana dada, hapa sina maneno laini. Lile tundu linaenda moja kwa moja kwenye mapafu, hana pua wala mdomo wa kuzuia maji, wimbi moja la Tanganyika likimpiga shingoni limeingia. Abaki nchi kavu, ahesabu makarai, asimamie uanikaji, afunge kitambaa chepesi mbele ya tundu kwa ajili ya vumbi. Na wenzake waambie, akizimia hewa apewe kupitia shingoni, siyo mdomoni. Nyumbani uwe mwangalifu na vitu vinavyoungua jikoni, harufu haipati kama zamani.

Filimbi hataweza kupuliza, pumzi haipiti tena mdomoni. Mnunulie kengele ya baiskeli.