Maswali Yenu: Utafiti wa vituo vya uandishi

SWALI: Nasimamia kituo cha uandishi chuoni, ambako wanafunzi hushauriwa kuhusu insha zao. Je, dodoso la kuridhika kwa wanafunzi linatosha kuonyesha kwamba ushauri wetu unafaa?

JIBU: Halitoshi hata kidogo. Mwanafunzi hufurahia kupokewa vizuri, hata kama insha yake haijabadilika. Tangu Richard Haswell, mtafiti wa ufundishaji wa uandishi, alipodai, mwaka 2005, utafiti unaoweza kurudiwa, kujumlishwa na kuthibitishwa kwa data, wataalamu wa fani hii wamezidi kuachana na masimulizi matupu, na kwa haki.

Kusanya rasimu ya kabla ya kikao na ya baada yake, kwa ridhaa ya maandishi. Futa majina na tarehe, zichanganye, kisha wape wasomaji wawili wasiojua ipi ni ipi wazipe alama. Wafanye mazoezi ya kutumia vigezo vilevile kwanza, la sivyo alama zao zitapishana.

Mtego mkubwa ni kulinganisha wanaokuja na wasiokuja. Wanaokuja kwa hiari huenda tayari wana bidii zaidi, nawe utakisifu kituo kwa juhudi zao. Linganisha angalau wenye alama za awali zinazokaribiana. Rekodi pia vikao vichache: mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoeleza kwa nini rasimu ilibadilika.