Kuwapa hela ombaomba wa mjini: kwangu inategemea hela hiyo inalala wapi

Mkuu, umeuliza kama uwape hela ombaomba unaopishana nao kila siku Mnara wa Saa na Kilombero hapa Arusha, au uwapite kwa kuwa umeambiwa wanakwenda kunywea. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani karibu na Soko Kuu, mwaka wa 14 sasa. Hawa watu nawaona asubuhi wanapoamka na jioni wanapotafuta pa kujiegesha, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mtu mzima nampa. Kuna mzee wa mguu mmoja anakaa kona ya mtaa wetu, Ijumaa anasogea msikitini na wenzake. Nikiwa na jero nampa, nikiwa sina namwambia, "Shikamoo mzee, leo mambo magumu," naye anaitikia, "Marahaba, Mungu atafungua." Akiinywea gongo ni yake. Mteja akinilipa suruali haniulizi hela yangu naipeleka wapi.

Aliyenibadilisha ni mtoto, na hapo nisome taratibu.

Ilikuwa Julai 2017, na baridi ya Julai ya hapa unaijua. Kuna dogo wa kama miaka kumi alikuwa analala juu ya viroba chini ya meza yangu ya kukatia. Chupa ya gundi ameificha kwenye mkono wa sweta, anavuta huku anaongea na wewe. Kila jioni nikifunga kazi nampa jero, na roho yangu inatulia. Baada ya wiki mbili hivi akaniambia, "Fundi, kesho usinipe hela." Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba usiku wakubwa wao wa mtaani wanapita kuwakagua: ukikutwa nayo wanachukua, ukikutwa umeificha unapigwa.

Ningemsikiliza tu, yangeishia hapo. Lakini ufundi ukanidanganya. Nikamshonea mfuko wa siri ndani ya kiuno cha kaptula, mdogo wa kuingia sarafu mbili, uzi wa rangi ile ile ya kitambaa. Siku ya nne nimefika kazini namkuta amekaa kwenye ngazi, kaptula imechanwa kwa wembe pale pale kiunoni, na wembe umefika mpaka kwenye nyama. Hakunilaumu. Aliniuliza kama naweza kuishona tena, ila bila mfuko.

Tangu siku ile mtoto wa mtaani simpi hela mkononi. Nimeelewana na mama wa chai na chapati aliye upande wa pili wa barabara: kila Jumatatu namwachia elfu tano, watoto wanakula pale pale mbele yake mpaka wamalize. Kilichoingia tumboni hakuna wa kukikagua. Mkate wa kwenye mfuko hausaidii sana, unauzwa au unaporwa.

Wale wamama wanaokaa kivulini na kutuma watoto kushika watu nguo, namfuata mama mwenyewe nampa yeye. Mtoto simpi. Bado sijajua kama nafanya sawa.

Kuna mdau kaandika kwamba kuomba ni kosa. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu inaliweka kwenye uzururaji. Lakini nimeshaona watu wanapakiwa kwenye gari, na wiki haijaisha wako kona ile ile. Kwa watoto kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, nayo inatutaka sisi raia tutoe taarifa serikali ya mtaa tukiona haki ya mtoto inavunjwa. Ukiona mtoto mgeni kashuka stendi leo, nguo bado safi, usingoje azoee gundi: piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Siku za mwanzo ndizo anazokubali kurudi nyumbani.

Dogo wangu nilimpeleka ustawi, na ilichukua safari nne, maana kila tukifika anataja kwao pengine. Mara Kondoa, mara Singida. Alikuwa anaogopa kurudishwa kwa baba yake wa kambo. Akarudishwa huko huko, na baada ya miezi mitano nikamkuta tena chini ya meza. Tukaanza upya, na safari hii akamtaja shangazi yake wa Babati. Nilimpigia huyo mama simu mimi mwenyewe, akalia, akasema walimtafuta mwaka mzima.

Mwaka jana alipita hapa barazani. Kijana mrefu, anajifunza ufundi gereji huko Babati. Alikuja kushonesha ovaroli. Nikampima, nikamuuliza aitakaje, akasema, "Mifuko minne, fundi. Na mmoja uwe wa ndani."