Alamisho ya kuingia haraka: iachie jina, nenosiri lisikae humo

Ndugu, umeuliza kama kweli alamisho (bookmark) ya kivinjari inaweza kukujazia fomu ya kuingia kwenye tovuti zako za kila siku, na kama jambo hilo ni salama. Inaweza, na mimi huu ni mwaka wa tatu naitumia. Lakini kuna mahali nilikosea mwanzoni, na hapo ndipo nataka usikilize vizuri.

Nasimamia nyumba ya wageni ya mjomba wangu hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, vyumba vinne tu. Kila asubuhi, kabla wageni wa ndege hawajashuka Manda wakavuka kwa boti, huwa nimeshafungua tovuti mbili za kupokea wageni pamoja na barua pepe, na siku za kodi zikifika naongeza iTax, tovuti ya kodi ya Kenya. Intaneti yetu tunaichukua kwenye simu. Anwani ya barua pepe ya nyumba ni ndefu; ukikosea herufi moja, ukurasa unaanza kupakia upya na wewe umekaa unaungojea. Mjomba naye macho hayamsaidii tena kwa herufi ndogo, na ndiye anayebaki mezani nikienda gatini.

Alamisho ya kawaida imebeba anwani inayoanza na https. Hii yetu inaanza na neno javascript na nukta mbili, halafu yanafuata maagizo ambayo kivinjari kinayatekeleza kwenye ukurasa ulio wazi wakati huo. Uwezo huu ni wa zamani, umetoka zama za kivinjari cha Netscape, ambako Brendan Eich aliiunda JavaScript, lugha ya maagizo hayo, mwaka 1995. Ninayoitumia mimi ni hii:

javascript:(function(){document.querySelector('#jina').value='JINA LAKO';document.querySelector('#siri').focus();})();

Unatengeneza alamisho yoyote, unaifungua kuihariri, kisha mahali pa anwani unaweka mstari huo. Palipoandikwa JINA LAKO weka jina lako la kuingilia. Maneno #jina na #siri yabadilishe yalingane na tovuti yako, alama ya # ibaki: bonyeza kulia juu ya kisanduku, chagua Kagua, utaona kimeandikwa id gani, yaani jina la kisanduku hicho. Usiubandike mstari huo juu kwenye upau wa anwani, kwa kuwa Chrome hulifuta lile neno la mwanzo ukibandika. Ni kinga hiyo, maana matapeli walikuwa wakiwadanganya watu wabandike maagizo wasiyoyajua.

Sasa kosa langu. Mwanzo niliweka na nenosiri humo humo. Nikibonyeza mara moja nimeingia, mjomba akafurahi, nami nikaona nimefanya kazi nzuri. Msimu wa Maulidi mji ulipojaa, tukamchukua kijana wa jirani atusaidie mapokezi. Siku ya pili akaniita pembeni, sauti ya chini: "Kaka, nimebonyeza kulia kwenye alamisho nikitaka kuipa jina jingine, na siri ya mjomba nimeiona yote." Namshukuru kijana yule mpaka leo, kwa sababu angeweza kunyamaza. Usiku ule nikaanza kuangalia mambo mengine. Kivinjari kilikuwa kimesawazisha alamisho kwenye simu yangu, na pia kwenye tableti tuliyokuwa tumempa mpwa wangu asomee. Siri ya mzee aliyeniamini ilikuwa imelala wazi sehemu tatu, kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Nikabadilisha manenosiri yote kabla sijalala.

Kwa hiyo mstari niliokupa unajaza jina peke yake, kisha unapeleka kishale kwenye kisanduku cha siri na kuishia hapo. Nenosiri naliweka kwenye programu ya kutunza siri, Bitwarden kwa upande wangu. KeePassXC pia ni nzuri, nayo faili lake linabaki kwenye kompyuta yako. Faida ya programu hizi si kuficha tu. Zinalinganisha anwani ya tovuti kabla ya kujaza, kwa hiyo ukiingia kwenye ukurasa wa kughushi hazikupendekezei kitu. Alamisho haina akili hiyo, inamwaga ulichoipa popote utakapoibonyeza. Unaweza kuiongezea sharti la kuangalia location.hostname, yaani anwani ya tovuti iliyo wazi, kabla ya kufanya lolote, na mimi nimefanya hivyo kwa zote, hata kama zimebeba jina tu.

Kuna tovuti zitakazokusumbua. Unabonyeza, jina linaonekana kisandukuni, lakini ukurasa unasema hujajaza. Hizo zinasubiri vidole vya mtu kwenye kibodi, na jina lililowekwa na maagizo ya alamisho hazijalitambua. Dawa nyepesi ni kubonyeza nafasi moja mwishoni mwa jina, ukaifuta, na tovuti itazinduka. Nyingine zinauliza jina ukurasa wa kwanza na siri ukurasa wa pili, iTax ikiwemo, nayo inaongeza na hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa. Hapo toa ile sehemu ya focus, kwa sababu kisanduku cha siri bado hakijafunguka. Msimbo unaotumwa kwa SMS nao utauandika mwenyewe. Hauna njia ya mkato, na heri usiwe nayo.

Kwenye simu ya Android mimi hufungua kwanza ukurasa wa kuingia, kisha naandika jina la alamisho kwenye upau wa anwani na kuigusa ikijitokeza kwenye mapendekezo. Ndiyo maana zangu nimezipa majina mafupi yasiyofanana na tovuti yoyote: pweza, tengesi, kolekole. Mjomba anayakumbuka yote.