Ukianza historia ya sayansi, anza na pampu iliyogoma

Mwaka wa kwanza nilimeza majina kama vidonge: Copernicus 1543, Harvey 1628, Torricelli 1644. Kwenye mtihani wa mdomo mhadhiri akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini Torricelli, kwenye jaribio lake la uzito wa hewa, alitumia zebaki, si maji?" Nikabaki natazama dari.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kusoma sayansi ya Ulaya ya karne ya 16 na 17, majina yawekeni kando kwanza. Shikeni swali moja mlifuate linakokwenda. Mimi nilishika la pampu.

Katika kitabu cha Galileo cha 1638 kuna kisa cha fundi aliyeitwa kutengeneza pampu ya kisima. Fundi akasema pampu ni nzima, ila maji hayavutiki zaidi ya dhiraa 18, yaani kama mita 10. Galileo akaeleza kwamba maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba ndefu inayoning'inia. Alikosea, na kosa hilo lisomeni vizuri kuliko sifa zake, maana ndipo Torricelli alipopita: kinachosukuma maji juu ni uzito wa hewa ya nje. Kulionyesha hilo kwa maji kungetaka mrija wa zaidi ya mita 10. Sasa mrija huo utausimamisha wapi? Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6 hivi, nayo ndani ya mrija wa Torricelli ilisimama kwenye sentimita 76 tu. Chukueni kalamu mzidishe. Mimi nilizidisha usiku, mtihani umeshapita, nikapata sentimita 1,033.6: ile mita 10 ya fundi wa kisima!

Halafu jiulizeni kila mara: kazi yenyewe aliifanya nani? Jaribio la Pascal la 1648 huitwa la Pascal, lakini aliyepanda mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na mirija ya zebaki ni shemeji yake, Florin Périer. Kileleni, ambako hewa iliyo juu yako ni pungufu, zebaki ikashuka sentimita 8.5 hivi. Mimi humpenda zaidi mtawa aliyeachwa chini kwenye mji wa Clermont, kwenye bustani ya watawa, akiukodolea macho mrija mwingine kutwa nzima. Zebaki yake haikusogea. Bila yeye, mbishi angesema ni hali ya hewa tu imegeuka siku hiyo. Vitabu vya muhtasari humruka.

Mkifika kwenye mashine ya mvuke ya Newcomen ya 1712, iliyovuta maji migodini, tazameni kinachoishusha pistoni. Si mvuke, ni hewa ile ile.